Mizabibu ya Mteremkoni: Urithi, Mizani na Ushirika katika Bonde la Mto Mosel

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mwenye shamba la tambarare huhesabu ekari zake; mwenye shamba la mteremkoni huhesabu kwanza magoti yake. Iko nchi ya Ulaya ambako watu wamelima mteremko kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, na zao lao kubwa ni moja, nalo ni zabibu. Habari zao zafaa kusikilizwa na chama cha msingi. Asiyekunywa mvinyo asiondoke, kwa kuwa mazungumzo haya hayahusu kinywaji. Yahusu ardhi inayogawanywa kila mzee afapo, kazi isiyokubali kupungua, na bei anayopangiwa mkulima na mtu asiyepata kukipanda kilima.

Mto Mosel huanzia katika milima ya Vosges nchini Ufaransa, ukapita mpakani mwa Luxembourg, kisha ukaingia Ujerumani na kwenda ukijipinda kama nyoka hadi mji wa Koblenz, ambako humwaga maji yake katika Mto Rhine. Bonde hilo liko karibu digrii 50 kaskazini ya Ikweta. Hapo baridi ni nyingi na jua ni haba, ilhali mzabibu ni mti wa jua. Pangekuwa tambarare tupu, huenda hata Warumi, waliokuwa na mji mkubwa huko Trier, wasingejisumbua kulima zabibu. Kilichowapa mavuno ni mteremko. Ubavu wa kilima unaoelekea kusini hupokea jua likiwa limeukabili, kama kibao kilichoinuliwa mbele ya taa. Mto ulio chini yake hurudisha mwanga na kuyazuia makali ya baridi. Juu ya udongo yametapakaa mawe meusi ya sleti, ya jamii ya yale yaliyokuwa yakichongwa vibao vya kuandikia watoto wa shule. Nayo hufyonza joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Ubavu wa pili wa bonde lile lile, unaoelekea kaskazini, aghalabu umeachiwa msitu. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba mkulima wa Mosel hakupanda mteremkoni kwa ushujaa. Alikwenda mahali pekee palipoivisha zao lake.

Aina ya zabibu iliyolipa bonde hilo sifa ni Riesling. Hati ya kale kabisa inayojulikana kuitaja ni hesabu ya manunuzi ya mwaka 1435 kutoka Rüsselsheim, mji ulio kando ya Mto Main. Jambo la kuwafurahisha makatibu, maana mmea huo ulijulikana kwa dunia kupitia risiti. Mwaka 1787 Clemens Wenceslaus, askofu mkuu na mtawala wa Trier, alitoa amri kwamba mizabibu duni ing'olewe na mahali pake ipandwe iliyo bora. Riesling huchelewa kuiva. Mavuno yake kwa desturi huanza mwezi wa Oktoba, na miaka mingine huendelea hata Novemba, wakati ukungu umekwisha lala juu ya mto na mkulima anahesabu kila siku ya jua kama mchezaji wa bao anayehesabu kete zake za mwisho. Huko kuchelewa ndiko kunakoipa utamu pamoja na uchachu, na kwa uchachu huo mvinyo wake hukaa chupani miaka ishirini, thelathini na zaidi bila kuharibika. Sharti lake ni lile lile: bila mteremko wa jua haiivi.

Mkabala wa kijiji cha Wehlen, shamba hufikia mteremko wa asilimia 70. Maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za kwenda mbele mtu hupanda mita 70. Mbele zaidi, karibu na kijiji cha Bremm, liko shamba liitwalo Calmont, ambalo mahali pengine hufikia digrii 65, na hapo kulima ni kukwea. Trekta la kawaida halina kazi hapo. Kila mzabibu, kwa desturi ya kale, una nguzo yake peke yake, na matawi yake mawili hupindwa wakati wa majira ya kuchipua, siku za unyevu ambapo hayavunjiki upesi, yakafungwa kwa umbo la moyo. Wageni hulisifu umbo hilo kwa uzuri. Lakini lilibuniwa kwa sababu ya miguu: penye nguzo moja moja mtu aweza kupanda, kushuka au kukata kati kwa upande wowote, jambo lisilowezekana penye nyaya zilizotandazwa. Mvua kubwa huporomosha sleti hadi chini, na zamani mkulima aliipandisha tena kwa kikapu mgongoni, pamoja na samadi. Baadaye zikaja winchi za kuvuta majembe kwa kamba ya chuma, na vigari vinavyopanda juu ya reli moja yenye meno, vikichukua watu na makasha ya zabibu. Hata hivyo, kupogolea, kufunga matawi, kupunguza majani na kuchuma bado ni kazi ya mkono. Hekta moja ya mizabibu ya tambarare iliyo chini ya mashine hudai saa mia chache za kazi kwa mwaka. Mteremkoni hekta hiyo hiyo hudai zaidi ya saa 1,000, na penye kuta za mawe za kutengenezwa kila mwaka hesabu hupanda mno. Zamani saa hizo zilijazwa na baba, mama, watoto na majirani. Tangu miaka ya 1990 wachumaji wengi wametoka Poland, na baadaye Romania, wakija kwa majira na kurudi kwao.

Sasa tuitazame familia moja, ili maneno yasielee hewani.

Katika mwaka 1842 mtu mmoja wa Wehlen, Jodocus Prüm, alijenga saa ya jua juu ya mwamba katikati ya mizabibu, ng'ambo ya kijiji, ili watu waliokuwa kazini mteremkoni wajue saa ya kula na saa ya kurudi. Alijenga nyingine katika kijiji jirani cha Zeltingen. Saa ile ya Wehlen ingali ukutani, na shamba zima likachukua jina lake: Sonnenuhr, yaani Saa ya Jua. Leo jina hilo juu ya karatasi ya chupa lina thamani kuliko mashamba mengi ya tambarare. Yapasa kulisema hili kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba sifa ya zao huanza kwa matangazo. Hapa ilianza kwa mtu aliyewajali watu wake wa kazi, akawapa kitu ambacho kila mmoja angeweza kukisoma kwa macho yake bila kumwuliza msimamizi.

Familia ya Prüm ilikuwa imepata mali hiyo kwa kununua, kuoana na kuvumilia, kama zilivyofanya familia nyingine za bonde. Jeshi la Ufaransa lilipoitwaa nchi ya magharibi ya Rhine mwaka 1794, mali za kanisa na za makabaila zikaja kupigwa mnada, na mashamba bora yaliyokuwa ya watawa yakaingia mikononi mwa wenyeji wenye fedha. Wafaransa hao hao wakaleta sheria yao ya mwaka 1804, ambayo kwayo watoto wote walirithi sawa. Ni haki, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka turudi kwenye desturi ya kumpa mmoja na kuwanyima wengine. Lakini haki hiyo ilipofika mteremkoni ilikata ardhi vipande kama kitambaa cha fundi cherehani. Mtu alimiliki mistari kumi hapa, ishirini kule, na mitano juu ya mwamba ambako njia ilipita katika shamba la mwingine. Nchi ya migomba na kahawa inajua maana ya kihamba kilichogawanywa mara tatu. Mosel walikigawanya mara nane.

Mwaka 1911 zamu ikawafikia akina Prüm wenyewe. Mali ya familia iligawanywa kwa warithi saba. Kwa sehemu iliyomwangukia yeye, Johann Josef Prüm alianzisha nyumba yake, akaiita kwa jina lake. Wenzake nao wakaenda zao na sehemu zao, na ndiyo sababu katika karne ya 20 nyumba kadhaa za mto huo zilibeba jina la Prüm pamoja na herufi au jina jingine, hata mnunuzi wa London akachanganyikiwa asijue yupi ni yupi. Nyumba ya Johann Josef ilijengwa na mwanawe Sebastian, ambaye ndiye aliyeufanya mvinyo wake ujulikane kwa tabia yake: mwepesi, wenye uchachu safi, wa kuwekwa miaka mingi. Sebastian alipofariki mwaka 1969, mwanawe Manfred alishika kazi. Na tangu miaka ya 2000 binti wa Manfred, Katharina, aliingia katika uongozi. Baba na binti wote wawili walisomea sheria hadi shahada ya udaktari. Kwa ukoo uliogawana ardhi mara nyingi kiasi hicho, elimu hiyo si anasa.

Neno la kuangalia ni hili: baada ya 1911 nyumba hiyo haikuendelea kugawanywa. Hekta zake, zipatazo 20 hivi, zimebaki chini ya mkono mmoja kwa vizazi vinne. Mwenye hekta 20 mteremkoni si tajiri wa ardhi. Jirani zetu wengi wa mkonge wangelicheka shamba la namna hiyo. Nguvu yake iko mahali pengine. Kila chupa hutoka na jina la shamba lake na mwaka wake, na sehemu ya mvinyo bora huuzwa mnadani Trier, ambako tangu mwaka 1908 chama cha wenye mashamba bora ya Mosel na vijito vyake kimekuwa kikinadi mvinyo wa wanachama mbele ya wanunuzi wote kwa pamoja. Mnada wa wazi, siku moja, bidhaa iliyoonjwa kabla ya kununuliwa: hata familia zenye majina makubwa ziliona kwamba kumngoja mfanyabiashara mlangoni, kila nyumba peke yake, ni kumkabidhi kalamu ya kuandika bei.

Walio wengi, hata hivyo, hawakuwa akina Prüm. Walikuwa na nusu hekta, au hekta moja iliyotawanyika vipande kumi na viwili, hawana pishi, hawana mapipa. Pipa la desturi la Mosel huchukua lita zipatazo 1,000, na mkulima asiye na pipa hana budi kuuza zabibu zake wiki ile ile ya kuchuma, kwa sababu zabibu hazingoji. Mfanyabiashara alilijua hilo. Baada ya Mosel kuwekwa chini ya Prussia mwaka 1815, ushuru wa forodha uliwakinga wakulima hao kwa muda. Wakapanda mizabibu zaidi, wengine kwa mikopo. Kisha mikataba ya forodha kati ya nchi za Kijerumani, iliyokamilishwa mwaka 1834, ikafungua mlango kwa mvinyo wa kusini ulio rahisi zaidi. Bei ikaanguka, madeni yakabaki pale pale.

Shida hiyo iliandikwa gazetini na kijana wa Trier, Karl Marx, ambaye mwezi wa Januari 1843 alitetea katika gazeti alilolihariri taarifa zilizoeleza dhiki ya wakulima wa Mosel, na zilizokanushwa na serikali. Gazeti lilipigwa marufuku kuanzia Aprili mwaka huo. Mwenyewe aliandika mwaka 1859 kwamba mambo kama hayo ya wakulima wa Mosel na ugawaji wa ardhi ndiyo yaliyomsukuma mara ya kwanza kuchungua uchumi. Wengi wanalijua jina hilo. Walio wachache wanajua kwamba mwaka ule ule aliozaliwa Marx, 1818, na katika nchi ile ile ya Rhine, alizaliwa Friedrich Wilhelm Raiffeisen, ambaye hakuandika vitabu vya kutikisa falme, lakini kila katibu aliyemo humu anafanya kazi iliyopitia mikononi mwake.

Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji maskini. Katika njaa ya mwaka 1846 na 1847, akiwa Weyerbusch, aliwakusanya wenye uwezo wanunue unga, ukaokwa mkate na kukopeshwa maskini. Baadaye aliona kwamba msaada wa wenye uwezo hupoa kadiri njaa inavyosahauliwa. Mwaka 1864, huko Heddesdorf karibu na Mto Rhine, alianzisha chama cha mikopo ambacho wakopaji wenyewe ndio wanachama. Kanuni zake zilikuwa ngumu. Eneo la chama lisizidi mahali ambapo watu wanajuana. Kila mwanachama adhamini deni la chama kwa mali yake yote. Viongozi wasilipwe mshahara. Alipwe mmoja tu, naye ni mshika hesabu. Makatibu wasicheke mapema: sababu ya kumlipa ilikuwa ni kwamba asiwe na kisingizio. Na faida iwekwe katika mfuko wa akiba usiogawanyika, ambao hapana mwanachama, wala mrithi wake, wala mkutano mkuu wenye shauku ya siku moja, awezaye kuugawa.

Kanuni hiyo ya mwisho yafaa kukaliwa kitako. Watu hao waliishi mahali ambapo kila kitu kiligawanywa. Ardhi ilikatwa, nyumba ilikatwa, hata pipa lilirithiwa nusu. Katikati ya kugawana huko akatokea mtu akasema: na kiwepo kitu kimoja kijijini kisichokatwa. Ardhi hakuweza kuikusanya, na sheria haikumruhusu. Lakini fedha iliyochumwa pamoja aliweza kuizuia isirudi kuwa vipande. Wako wanachama, si Ulaya peke yake, wanaoutazama mfuko wa akiba wa chama kama nyama iliyosahauliwa jikoni. Wangemsikiliza mkulima wa sleti wangeelewa kwa nini ulifungwa.

Wakulima wa zabibu hawakukawia kulichukua wazo la ushirika. Mwaka 1868, katika bonde la Mto Ahr, si mbali na Heddesdorf, wakulima wa Mayschoß waliunda chama cha zabibu kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kwanza duniani. Waliweka pishi la pamoja, kinu cha kukamulia cha pamoja na mapipa ya pamoja, ili wiki ya kuchuma isiwe tena wiki ya kuombaomba. Chama hicho kingali hai, ingawa mafuriko ya Julai 2021 yalilijaza bonde la Ahr tope na kuua watu zaidi ya 130. Katika Mosel nako viliundwa vyama, na vingi vya vijiji viliungana hatimaye katika chama kikubwa chenye makao Bernkastel-Kues, mji ambao Wehlen sasa ni sehemu yake.

Njia ambayo wazo hilo lilifika Afrika Mashariki ni ndefu kidogo, nayo haisimuliwi mara nyingi. Afisa wa Kiingereza huko Madras, Frederick Nicholson, alitumwa Ulaya kuchungua mikopo ya wakulima, akatoa taarifa yake katika miaka ya 1895 na 1897, na ndani yake alivisifu vyama vya Raiffeisen. Kutokana na mashauri ya namna hiyo India ikapata sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1904, ambayo ilimweka Mrajisi wa Vyama. Mfano wa India ukaenezwa katika makoloni. Tanganyika ikapata sheria yake mwaka 1932, na mwaka uliofuata chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kikaandikishwa. Basi Mrajisi, mkaguzi na mfuko wa akiba wa kisheria wana shina moja huko kwenye vilima vya Rhine, hata kama matawi yamepandikizwa mara mbili.

Twende sasa kwenye mizani, maana hapo ndipo Mosel walipoumia, na waliumia wakiwa na kipimo kizuri mkononi. Karne mbili nyuma fundi wa Pforzheim, Ferdinand Oechsle, alitengeneza kipimo kidogo kinachoelea ndani ya maji ya zabibu. Kadiri sukari inavyozidi, ndivyo kinavyosimama juu, na namba yake husomwa papo hapo. Hakibishani na mtu, wala hakijui zabibu ni za nani. Sheria ya mvinyo ya Ujerumani ya mwaka 1971 ilijenga madaraja yake juu ya kipimo hicho: kila daraja na kiwango chake cha sukari, kuanzia mavuno ya kawaida hadi zabibu zilizokauka mtini kwa ukungu wa aina njema, ambazo huchumwa punje kwa punje na kudai digrii 150 za Oechsle.

Ni mpango mzuri kwenye karatasi. Hila ikaingia kwa sababu kipimo kilipima sukari peke yake. Ziko zabibu nyingine, mathalani Müller-Thurgau, zinazoiva mapema na kuzaa kwa wingi hata tambarare. Zilipandwa katika mashamba ya chini yaliyokuwa ya viazi, zikafikisha digrii zilizotakiwa, zikapewa cheo kile kile kilichopewa Riesling ya mteremkoni. Sheria hiyo tena iliruhusu majina ya maeneo mapana yaliyobeba jina la kijiji maarufu. Kwa Piesport, mathalani, Goldtröpfchen ni shamba la mteremko lenye sifa yake, ilhali Michelsberg ni jina la eneo pana linalokusanya mashamba ya vijiji kadhaa, ya tambarare yakiwemo. Mnunuzi wa mbali huona neno Piesporter katika chupa zote mbili. Hana njia ya kujua. Akinunua ile rahisi akaona ni maji ya sukari, huhukumu kijiji kizima.

Ndivyo ilivyokuwa katika miaka ya 1970 na 1980. Mvinyo mtamu wa bei ya chini ulisafirishwa kwa wingi kwa jina la Mosel, na jina likashuka pamoja nao. Mkulima wa mteremko, aliyetumia kazi mara kadhaa ya yule wa chini, akapewa bei iliyokaribiana na ya huyo. Nyumba kama ya Prüm ilisalimika kwa kuwa iliuza kwa jina la shamba na la familia, na wateja wake waliijua kabla ya sheria. Mwenye nusu hekta hakuwa na jina. Alikuwa na chama. Na chama kilichomimina zabibu za mteremko na za tambarare katika tangi moja kilimfanyia jambo lile lile ambalo kingemfanyia mkulima wa kahawa ambaye kahawa yake safi ya daraja la kwanza imetiwa gunia moja na buni. Gunia huwa zito, na mizani huonyesha kilo nyingi, lakini mwaka wa tatu mkulima hodari huacha kuchagua punje. Haya yasemwe waziwazi: ushirika ulimwokoa mkulima wa Mosel na mfanyabiashara wa wiki ya kuchuma, lakini mahali uliposahau kulipa kwa ubora ulimrudisha shimoni kwa mlango wa nyuma. Vyama vilivyobaki na nguvu hulipa kwa uzito na kwa ubora pamoja, na baadhi huitenga Riesling ya mteremko ikawekwa pishi lake na kuuzwa kwa jina lake. Kazi hiyo ina gharama. Tangi moja kubwa ni rahisi kuliko matangi kumi madogo, na meneja wa kiwanda atalisema hilo katika kila kikao.

Jambo jingine limezuka ambalo wazee wa bonde hawakulitazamia. Hali ya hewa imepata joto. Zamani miaka mizuri ilikuwa ya kuhesabika, na miaka ya zabibu chachu zisizoiva ilikuwa mingi. Sasa Riesling huiva karibu kila mwaka. Mkulima hufurahi, kisha hutafakari. Maana ikiwa zabibu zinaiva hata juu penye upepo na hata chini penye udongo mzito, basi lile sharti la mteremko, lililokuwa ngao ya watu hawa kwa miaka elfu mbili, linalegea. Kazi ya mteremko haijapungua hata saa moja, lakini upekee wake umepungua. Tena baridi haijakoma: usiku wa Aprili 2024, mizabibu ikiwa imekwisha chipua mapema kwa joto, barafu ilishuka na kuunguza machipukizi katika mashamba mengi ya Mosel, Saar na Ruwer.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 eneo hilo lote lilikuwa na zaidi ya hekta 12,000 za mizabibu. Leo ni chini ya hekta 9,000. Hazikupotea mahali pamoja. Zilipotea kipande kwa kipande: mzee aliyefikisha miaka sabini na tano aliacha mistari yake ya juu, kisha ya kati; watoto wake wako Koblenz au Cologne na kazi zao; kila mmoja ana hati ya sehemu yake ya kipande, na hapana hata mmoja mwenye makasi ya kupogolea. Serikali katika vijiji vingi ilikusanya upya viraka vya ardhi na kupasua njia, ili kila mtu apate shamba lake mahali pamoja, na palipofanyika hivyo mashamba yalidumu zaidi, ingawa mizabibu mingi ya kale iling'olewa katika kazi hiyo. Mahali pengine wenyewe hawakukubaliana, na mlima ukaamua.

Kipande kilichoachwa hakikai kimya. Mwaka wa pili miiba hufunika nguzo. Mizabibu isiyopogolewa hutambaa na kuwa maficho ya ukungu na wadudu, ambao huvuka mpaka bila kuuliza hati ni ya nani. Kwa hiyo sheria ya huko humtaka mwenye shamba lililotelekezwa aing'oe mizabibu yake, la sivyo ing'olewe kwa gharama yake. Ukuta wa mawe usiotengenezwa hubomoka, ukaangukia wa chini yake, na wa chini yake ni wa jirani anayelima bado. Jirani huyo huenda kubisha hodi kwa warithi, akaomba kukilima kipande kile ili kuuokoa ukuta wake. Siku hizi mara nyingine hupewa bure, bila kodi, na kushukuriwa juu yake. Huhesabu kwanza siku za kupogolea, kisha wachumaji wa kuwalipa, kisha bei ya chama ya mwaka jana; na kabla ya kujibu hutoka nje akakitazama kilima.